Kadi Iliyotoka Maskati

Rahila alianza kumshuku fundi Damian pale alipomwona akibandika stika.

Ilikuwa Jumatano, adhuhuri imeshapita, na kompyuta yao ilikuwa juu ya meza ya fundi, imefungwa skrubu zake zote, imefutwa vumbi mpaka ikawa kama ya mtu mwengine. Damian akachomoa kipande cha karatasi chenye gundi, akakibandika nusu kwenye ubavu wa kasha, nusu kwenye mfuniko, akakikandamiza kwa dole gumba. Kimeandikwa kwa herufi nyekundu: USIFUNGUE.

“Ya nini hiyo, fundi?”

“Dhamana, Mama Khairat. Miezi mitatu. Ikileta shida, irudishe, nitaitazama. Ila mkishaibandua stika, mimi simo.”

Maneno mazuri ukiyasikia. Lakini Rahila aliyageuza njia nzima mpaka nyumbani Jadida, kompyuta imo kwenye bajaji mbele ya magoti yake, mtoto ubavuni. Mtu aliyefanya kazi safi anaogopa nini kufunguliwa? Na kwa nini alimwambia aiache asubuhi nzima, aende zake, asikae kuangalia? Ati kuna watu wengi mbele yake. Alipoirudia, hapakuwa na watu wengi. Palikuwa na Damian peke yake, anakula muhogo, na kwenye kabati la kioo nyuma yake mna kadi yenye feni mbili iliyofanana na yake kama pacha.

Kadi ya grafiki, kile kibao kinachoichorea skrini picha zake, ilikuwa imetoka Maskati. Haitham, mumewe, ndiye aliyeinunua. Aliivisha soksi tatu, akaitia kwenye kopo la maziwa, akampa jamaa aliyekuwa akija nyumbani likizo. Ile ya zamani ilikuwa ya tangu enzi Haitham ana duka la kutoa fotokopi, kabla hajapata kazi kwenye ghala la matairi huko ng'ambo. Ilikuwa na giga mbili tu, nayo ilishachoka. Ukiifungulia gemu inakoroma.

Na shughuli yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya gemu. Rahila hakulisema hilo mbele za watu, maana nani angemwelewa? Mke wa mtu, mama wa mtoto wa miaka mitatu, anapeleka kompyuta kwa fundi ili acheze. Lakini gemu lenyewe lilikuwa la kujenga kijiji, na kijiji kile walikijenga wawili, yeye Wete na Haitham Maskati. Walichimba kisima, wakafuga ng'ombe, wakapanda migomba mstari mrefu hadi pwani. Kwenye simu mazungumzo yao yalikuwa yaleyale: mtoto hajambo, gesi imekwisha, mama amekunywa dawa? Kijijini, hasha. Kijijini waliweza kukaa robo saa hakuna anayesema kitu, yeye anapalilia, mwenziwe anaezeka paa, na Rahila anamsikia anavyopumua kwenye hedifoni kama yupo chumba cha pili. Hakuna simu inayompa mtu kimya cha namna ile.

Sasa gemu lilikuwa linatoa nyongeza. Kisiwa kipya, mvua, bahari yenye mawimbi, mambo chungu nzima. Ijumaa saa kumi alasiri vijiji vyote vitahamishiwa huko, na tangazo lilisema bila kificho: mashine yenye kadi chini ya giga sita haitafunguka tena. Haitham siku hiyo angeingia kazini saa kumi na moja kwa saa za Pemba. Walikuwa na saa moja kamili ya kuingia pamoja. Baada ya hapo zamu yake ilikuwa inabadilishwa, kazi usiku na usingizi mchana, na hakujua lini tena watapata wakati mmoja.

“Usichelewe lakini,” Haitham alimwambia. “Nataka tukanyage pwani ya kule pamoja.”

*

Kompyuta ilipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika, ikabidi isubiri. Rahila akaiweka kwenye meza yake pembeni mwa ukumbi, akamwambia kila aliyekuwepo, yaani mavyaa wake Bi Mwanabaraka na mtoto Khairat, kwamba asiiguse mtu. “Fundi kasema.”

“Nani ataigusa?” Bi Mwanabaraka akasema. “Mie na madude hayo wapi na wapi.”

Lakini jioni ile Rahila alipotoka kumwogesha mtoto, alimkuta mavyaa amechutama mbele ya meza, uso karibu na vile vitundu vya ubavuni vinavyopitisha hewa. Bibi alisimama haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu siku zote, mkono umeingia kwenye pindo la kanga.

“Unatafuta kitu, mama?”

“Sindano. Imeniponyoka.”

“Nikusaidie kuitafuta?”

“Nishaiona.” Akenda zake jikoni.

Rahila akabaki ameitazama ile sehemu ya sakafu. Tangu lini Bi Mwanabaraka akashona magharibi, gizani, hakuna umeme? Alikuwa anajua vizuri kwamba mavyaa halipendi gemu. Mara ngapi amemsikia akiwaambia wenziwe kwamba mke wa mwanawe anazungumza na vikaragosi? Akaitazama stika. Ilikuwa pale pale, nzima. Basi hakuna alichofanya, alijiambia. Lakini wazo likishaingia halitoki kwa kufukuzwa, na usiku ule alilala nalo.

Umeme ukarudi Alhamisi asubuhi. Akaiwasha. Picha ikaja, nzuri ajabu, rangi kama matunda yaliyooshwa. Rahila akatabasamu peke yake. Akaingia kwenye mipangilio kutazama jina la kadi, maana mwaka jana alisoma kompyuta darasa la jioni na hakuwa mtu wa kudanganywa kwa kila kitu. Jina lilikuwa lenyewe. Giga nane. Sawasawa na alivyosema Haitham.

Dakika ya nane skrini ikaganda. Ya tisa ikawa nyeusi. Ya kumi kompyuta ikajizima yenyewe, pu, na kasha lilikuwa la moto kama birika.

Akaingoja ipoe, akawasha tena. Ikajizima. Mara ya tatu haikufika hata dakika tano.

Ndipo alipoingia mtandaoni kwa simu, na huko akasoma asichotaka kusoma: kwamba wapo watu wanachukua kadi kuukuu, wanaiandikia ndani jina la kadi kubwa, mashine inalisoma lile jina la uwongo na kuamini, mpaka ikipewa kazi nzito ndipo inapoanguka. Akaisoma habari hiyo mara mbili. Kisha akakumbuka lile kabati la kioo na ile kadi pacha iliyokuwa imekaa ndani yake. Akavaa baibui.

*

Duka la Damian lilikuwa na watu watano asubuhi ile, wanaume wanne wanaongoja simu zao na mwanamke mmoja na redio. Rahila alikuwa amejipanga kusema kwa utulivu. Utulivu ulimwishia mlangoni.

“Fundi, nipe kadi yangu.”

“Kadi ipi tena, Mama Khairat? Si imo ndani?”

“Iliyomo ndani si yangu. Yangu ni ile pale.” Akaonyesha kabati.

Damian akageuka, akaitazama, akacheka kidogo, na kile kicheko ndicho kilichomwasha Rahila. “Hii? Hii mbovu, mama. Imekufa mwaka jana. Nimeiweka kwa ajili ya vipuri.”

“Basi umezibadilisha! Mbovu umetia kwangu, nzima umeweka kabatini, ukanibandikia na stika nisifungue. Kompyuta haimalizi dakika kumi. Mume wangu kaituma kutoka ng'ambo, wewe unaifanya yako? Huo ni wizi.”

Mwanamke mwenye redio akaivuta redio yake karibu.

Damian hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa bara, kutoka Kigoma, miaka sita Wete, na huenda alishajifunza kwamba mtu kama yeye akipandisha sauti katika mji wa watu, hasikilizwi. “Ilete,” alisema. “Ilete leo nitaifungua.”

“Nikuletee uimalizie?”

Akatoka. Akarudi Jadida. Barazani kwa jirani, Bi Hija alikuwa akianika karafuu kwenye jamvi. Msimu ulikuwa umepamba moto, Jadida nzima inanuka karafuu mpaka ndani ya mito ya kulalia. Bi Hija akamwuliza, mwanangu una nini, uso umekuiva hivyo? Rahila akamwambia yote. Na Bi Hija, ukimwambia jambo, umelitangaza.

“Lo! Nami nilimpelekea simu yangu,” Bi Hija akasema. “Betri haikai kabisa. Kumbe kanitoa betri yangu! N'nkwambia, watu hawa wanakuja hapa na begi moja.”

“Betri yako ilikuwa haikai tangu zamani, Bi Hija.”

“Sasa haikai zaidi.”

Jioni Haitham alituma ujumbe: *Tayari? Mie nishapakua.* Rahila akaandika, *Inakuja vizuri.* Akaifuta. Akaandika, *Inshaallah.* Hiyo akaituma.

*

Ijumaa baada ya sala, saa nane hivi, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Damian, begi la vifaa begani, kofia mkononi.

“Sikuja kwa ugomvi,” alisema kabla hajakaribishwa. “Nimekuja kuifungua hapahapa, mbele yako na mbele ya mtu yeyote unayemtaka. Mwite nani sijui. Mwite sheha wa mtaa ukitaka.”

Rahila hakumwita sheha. Alimwita Bi Hija, ambaye alikuwa ameshafika kabla ya kuitwa. Bi Mwanabaraka akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango uliowachwa wazi, tasbihi mkononi, Khairat mapajani.

“Una picha ya kadi yako?” Damian akauliza.

Alikuwa nayo. Haitham aliipiga kabla hajaifunga kwenye soksi. Nambari zake zinasomeka ubavuni. Rahila akaikuza kwenye simu, akaishika kama mtu ashikaye hati ya shamba. Moyoni alikuwa amekwisha kumhukumu. Alichokuwa anangoja ni kuona tu atakavyojitetea.

Damian akaichana stika yake mwenyewe. Skrubu mbili. Mfuniko ukatoka. Akaisukuma kompyuta mbele ili nuru ya mlangoni iingie, akarudi nyuma hatua moja, mikono juu.

“Soma nambari mwenyewe. Mimi siigusi.”

Rahila akainama. Akaisoma nambari kwenye simu, akaisoma kwenye kadi. Akairudia kwa kidole, tarakimu moja moja. Zilikuwa zilezile. Kulikuwa hata na uzi mweupe wa soksi umenasa kwenye pembe.

Bi Hija ndiye aliyesema: “Nambari si inaandikwa tu?”

“Na huu uzi nimeufuma mimi?” Damian akauliza. Kisha akakunja uso, akasogea. “Hebu ngoja. Nini hiki?”

Akatoa kibano, akakiingiza kwenye feni ya kwanza, akavuta. Akakiweka kwenye kiganja. Karafuu. Moja, kavu, kichwa chake kimesagika. Akaingiza tena. Ya pili. Kwenye feni nyengine mlikuwa na nne, zimejibana baina ya ubawa na ukingo. Akaliinamisha kasha, na sakafuni zikamwagika kama konzi mbili, zinarukaruka kwenye mkeka, Khairat akashuka mapajani kuziokota.

“Feni zote mbili zimesimama,” Damian akasema taratibu. “Ndiyo maana inapata moto. Ikipata moto inajizima, isiungue. Imejilinda tu, masikini.”

“Wewe ndiye uliyetia!” Bi Hija akaruka. “Ili irudi dukani kwako!”

“Bi Hija, mie hata kilo ya karafuu sijapata kuishika. Nyinyi ndio mnazianika mpaka juu ya mapaa.”

Lakini Rahila hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anamwangalia mavyaa wake. Tasbihi ya Bi Mwanabaraka ilikuwa imesimama. Ule mkono ulioingia kwenye pindo la kanga. Sindano iliyoponyoka gizani. Kumbe. Mtu halipendi gemu mpaka analitilia karafuu! Damu ikampanda Rahila masikioni. Mwanamke huyu alijua Ijumaa hii ina maana gani kwake? Alijua, na akafanya.

“Mama,” alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. “Ni wewe?”

Bi Mwanabaraka akaiweka tasbihi mapajani. “Ni mie,” akasema. “Usinitolee macho hivyo.”

“Kwa nini?”

“Mende.”

“Mende?”

“Nilimwona mmoja anaingia, pale penye vitundu. Mkubwa, hivi. Sanduku langu la nguo nalitia karafuu miaka arubaini, hajaingia mende humo hata mmoja. Nikasema, hii nayo niitilie, wasije wakatafuna nyuzi za humo. Nikatia moja moja. Ulisema asiguse mtu, ndio maana nikakwambia sindano.” Akaishika tena tasbihi. “Kwani mie sijui? Usiku unafungua hiyo, nasikia sauti ya mwanangu inacheka humo. Kwenye simu hacheki. Kwenye simu ananiuliza dawa. Humo anacheka. Sasa niwache mende waitafune?”

Hata Bi Hija alitazama nje.

Rahila alikuwa bado ameshika simu yenye picha. Alitaka hasira ibaki maana alikuwa ameizoea siku mbili, lakini ilikuwa haina pa kukaa. Akaiweka simu mezani.

*

Damian alifanya kazi saa nzima na ushei. Alizitoa karafuu hadi ya mwisho kwa kibano na brashi, akapangusa ule unga wake wenye mafuta kwa spiriti, akanyoosha ubawa mmoja uliopinda. Akaiwasha. Feni zikazunguka. Akaiachia dakika kumi, ishirini, nusu saa, mkono wake juu ya kasha kama mtu anayepima homa ya mtoto. Haikujizima. Katika nusu saa hiyo nyongeza ikapakuliwa, Rahila akaingia kwenye gemu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi, na kwenye skrini mlango wa kisiwa kipya ulikuwa wazi.

“Nikupe chai, fundi,” Rahila akasema. “Juisi. Chochote.”

“Hapana, mama. Ahsante.” Alikuwa anapanga bisibisi zake, kila moja mahali pake. Hakuinua macho. “Jana ulipoondoka, wawili kati ya wale wanaume walichukua simu zao. Yule mama naye na redio yake. Leo asubuhi hajaja mtu. Kuna mtu kanipita njiani, kanisalimia ‘habari, mwizi’. Anatania, lakini ndiyo hivyo.” Akafunga begi. “Haya, kwaherini. Bibi, karafuu sandukuni tu.”

Hedifoni ilikuwa mezani, na ndani yake, kwa mbali, kama mdudu, sauti ya Haitham ilikuwa inaita: “Rahila? Rahila, upo? Nipo pwani, njoo.”

Alikuwa na dakika hamsini. Akaitazama skrini, mwanamume mdogo wa kuchorwa amesimama kwenye mchanga mpya, anageukageuka kumtafuta. Akatazama mgongo wa Damian unavyotoka mlangoni. Kesho, alijiambia. Nitakwenda kesho, nitamwambia kila mtu. Lakini alijua Wete. Hadi kesho neno lile lingekuwa limefika Chake Chake na kurudi likiwa na jamaa zake.

Akaichukua hedifoni, akamvisha Bi Mwanabaraka juu ya mtandio.

“Zungumza naye, mama. Mwambie narudi sasa hivi.”

“Mie? Nitamwambia nini? Nibonyeze wapi?”

“Usibonyeze kitu. Sema tu.” Akalivaa baibui, akageuka kwa jirani. “Bi Hija, nawe twende.”

“Mie nimefanya nini?”

“Umesema kwa watu wangapi?”

Bi Hija akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. “Si wengi,” akasema, lakini akainuka.

Walimfuata Damian kwa nyuma, hatua kadhaa, hadi dukani. Barazani pa duka la jirani palikuwa na wanaume wamekaa, wawili kati yao wa ile jana. Rahila alisimama mbele yao. Hakupata kusema na wanaume wengi hivyo tangu azaliwe, ila kwa hasira, na hasira ilikuwa rahisi zaidi.

“Assalaamu alaykum,” alisema. “Jana nilisema hapa kwamba fundi kaniibia. Hakuniibia. Kadi yangu ilikuwemo, nambari nimeisoma mwenyewe. Nyumbani kwetu ndiko kulikokuwa na kosa. Naomba radhi kwake mbele yenu, na aliyeondoa simu yake kwa neno langu, airudishe kwa neno langu.”

“Kosa gani?” akauliza mmoja, mwenye udaku.

“La nyumbani,” Rahila akasema. Mavyaa wake hakumtaja. “Bi Hija ana lake la kusema.”

Bi Hija akakohoa. “Betri yangu,” alisema, “ilikuwa mbovu tangu zamani.”

Wakacheka. Mmoja akatoa simu mfukoni, akakitazama kioo chake kilichopasuka, akainuka polepole kuelekea mlangoni kwa Damian. Mwengine hakuinuka. Damian aliitikia kwa kichwa, mara moja, kisha akaingia ndani kuwasha taa ya meza yake. Haikuwa suluhu yote, Rahila aliliona hilo. Atalazimika kupita hapa wiki ijayo na ile ijayo, aonekane anaingia.

Alirudi nusu anakimbia. Saa ilikuwa kumi na moja kasoro dakika saba. Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa wima mbele ya skrini, hedifoni imemkaa upande, Khairat amesimama kwenye kiti nyuma yake, wote wawili midomo wazi.

“Mama, nipe.”

“Ngoja kwanza, ananionyesha ng'ombe.”

“Mama!”

Bibi akaivua kwa shingo upande. Rahila akaivaa, ina joto la sikio la mwenziwe, akavuta pumzi aanze.

“Haitham, nimekuja.”

Kimya kidogo. Si kile kimya chao. Mwanamume wa kuchorwa aliacha kutembea.

“Mama kaniambia umetoka,” Haitham akasema. “Kaniambia fundi Damian kaja nyumbani, kakaa muda mrefu, kisha kaondoka, nawe ukavaa baibui ukamfuata. Rahila, huyo Damian ni nani?”

Rahila akamwangalia mavyaa wake, ambaye alikuwa ameinamia mkeka kwa bidii kubwa, anamsaidia mtoto kuokota karafuu.

Dakika sita. Akavuta kiti, akamsogeza mwanamke wake mdogo wa kuchorwa mpaka akasimama ubavuni pa yule mwanamume, kwenye mchanga ambao kabla ya leo hakuna aliyewahi kuukanyaga.

“Kaa,” alimwambia. “Nikuhadithie tangu Jumatano.”